Jiwe la Nyongo na Tumbo Lililogeuzwa Njia

Asubuhi moja nilitoka kijijini kwetu Ukata bila mpango wowote, nikadandia lori la mnunuzi binafsi wa kahawa, wale walioanza kuja serikali iliporuhusu watu binafsi kununua. Ndugu zangu wa jumuiya mliokusanyika hapa kusali, ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mapema, lakini nikiona lori nataka kujua linakokwenda. Kufika Mbinga mjini, macho yangu yalikuwa ya njano na ubavu wa kulia umenibana, nikaanguka juu ya magunia.

Akaitwa shemeji yangu. Alinisindikiza hospitali, kisha mpaka hospitali kubwa ya Dar, maana jiwe lilikuwa limeziba mrija wa nyongo. Dawa yake ni kumezeshwa mpira mrefu wenye kamera, upite tumboni ukalitoe.

Sasa sikilizeni. Zamani nilipasuliwa vidonda vya tumbo hospitali ya misheni. Walikata nusu ya tumbo, iliyobaki wakaiunganisha na utumbo huku chini. Njia ya kawaida haikuwepo tena. Nilijua, kwa sababu nilimsumbua daktari wa misheni mpaka akanichorea mchangani kwa kijiti.

Lakini kwetu mgonjwa hasemi, husemewa, na msindikizaji kukiri hajui ni aibu. Madaktari wa Dar walipouliza kovu ni la nini, shemeji, ambaye wakati ule alikuwa Songea na hakuona lolote, akajibu, "Ngiri hiyo." Nikafungua mdomo. Nesi akaniambia nipumzike, ndugu yangu anaeleza vizuri.

Nikameza mpira. Wakatafuta njia, wapi. Nikasema tena kuhusu tumbo. Shemeji akawaambia ni homa inayosema. Nikameza tena. Koo limechubuka, jiwe liko palepale, na mzee wa kitanda cha jirani ananiuliza kama mpira umenoga kuliko ugali. Nawaambieni, nilichoka kusemewa kuliko nilivyochoka kuumwa.

Siku daktari aliposema mrija umeanza kutunga usaha, na ukienea nitakufa, nikamtuma shemeji chungwa. Alipotoka tu, nikamshika daktari mkono.

"Dokta, si ngiri. Nusu ya tumbo haipo. Mnabisha hodi ukutani."

"Waliunganisha wapi?"

Nikamchorea kwa kidole juu ya shuka. Wakaita misheni kwa simu ya upepo, misheni wakathibitisha. Wakaleta mpira mwingine mrefu zaidi, ule wa kuchunguzia utumbo mpana, nikaumeza, wakaupitisha pale palipounganishwa, wakalifuata jiwe kwa kutokea chini. Walihangaika sana, lakini lilitoka. Shemeji alimenya chungwa, mwishowe akauliza, "Sasa ngiri ilikuwa ya nani?"

Namshukuru daktari aliyesikiliza, na misheni waliokumbuka. Namshukuru na shemeji, aliyenibeba na kunifulia; bila yeye nisingefika Dar. Ila ukipasuliwa, uliza wameunganisha nini na wapi, kisha mfundishe atakayekusindikiza.

Juzi nimefika hapa Lundo, kando ya ziwa, simjui mtu. Mama mwenye nyumba hii aliponikubalia chumba, nilimweleza tumbo langu kabla ya jina. Akasema, "Baba, mimi nimeuliza kama unakula usipa, dagaa wetu wa ziwani." Kisha akamwita mumewe, akamweleza yote kwa lugha yao ya Kinyasa, akamtaka ayarudie. Aliporudia bila kukosea, ndipo nikatua mfuko wangu.