Vijiti vya Bi. Fusae Havikuwa na Kosa

Tarehe 31 Machi, Bi. Fusae Kitabayashi anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa katika karakana ya vijiti vya kulia chakula hapa kwetu Wakasa. Karakana iliiomba kamati ya maktaba ya shule yetu iandike wasifu wake. Nilijitolea, kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: ule upele wa Juni iliyopita, uliofanya shule iache vijiti vya karakana hiyo na kurudia vya plastiki, niliusababisha mimi.

Lakini kwanza yeye. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kupaka vijiti utomvu wa mti wa urushi. Wiki ya kwanza uso wake ulivimba hadi mbwa wa nyumbani akambwekea. Fundi mkuu, marehemu Mzee Kuwabara, alimcheka: "Urushi imekupenda, binti. Mtazoeana." Wakazoeana kweli.

Baadaye alikabidhiwa kabati la unyevu, maana urushi haikaushwi juani bali penye unyevu, kisha rafu ya kupumzishia, ambako kila jozi hukaa miezi mitatu kabla ya kugusa mdomo wa mtu. Hakuna aliyewahi kumpunguzia hata siku moja. Meneja mmoja wa hoteli alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuulizia oda yake. Bi. Fusae alimjibu, "Vimelala, bwana. Ukiviamsha sasa, vitakuwasha."

Kila Mei alikuja darasani kwetu. Mwaka jana tulisugua vijiti mpaka vipande vya maganda ya mayai, urembo wake, vikachomoza chini ya rangi, naye akaenda navyo karakana kuvipaka mkono wa mwisho wa urushi. Mwenzetu Goichi aliuliza, "Mama, kwani ina sumu?"

"Ikiwa mbichi inawasha kuliko upupu," alisema. "Ikishakomaa, utalia wali nayo mpaka ung'oke meno."

Nilisikia, nikaandika daftarini. Hata hivyo, tulipotembelea karakana wiki mbili baadaye, nilichomoa jozi yangu kwenye rafu. Baba alikuwa anarudi melini Jumatatu, nami nilitaka anione nikila nayo kabla hajaondoka. Ilimeta, nikadhani imekauka. Jumanne midomo ilivimba na vidole vikatoka vipele. Muuguzi wa shule aliuliza nilikula kwa kutumia nini, nikajibu, "Vijiti vya urushi." Akadhani ni vile vya shuleni. Sikumsahihisha.

Kwenye kikao cha wazazi mmoja alipaza sauti, "Ndiyo kusema tunawalisha watoto sumu?" Bi. Fusae alisimama, akainama. "Rafu ni yangu. Kama kuna jozi iliyotoka mapema, kosa ni langu." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikitazama viatu vyangu.

Hivyo ndivyo angestaafu, na doa lisilo lake.

Bi. Fusae, asante kwa kutufundisha kungoja. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi ndefu zisizo na kabati la kuchungulia.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimweleza mwalimu mkuu yote. Kisha nikaenda karakana na ile jozi, iliyokuwa imekaa miezi tisa kwenye droo yangu. Bi. Fusae aliipokea kwa mikono miwili. "Nilijua moja imepungua," alisema. "Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Umechelewa kuliko urushi!" Akacheka, nami nikalia. Alinifunga kijiti kimoja kwa kitambaa upande wa ndani wa mkono, akaniambia nisubiri siku mbili. Ngozi haikubadilika.

Ijumaa nilikula wali na samaki kwa jozi hiyo mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wanne. Leo ni Jumatano, na midomo yangu ni mizima. Mwalimu mkuu ameamuru vijiti vya urushi virudishwe mezani. Asubuhi hii nilikwenda stoo, nikayafuta makasha vumbi, nikayabeba moja moja hadi jikoni.

Chizuru Nomoto
Kamati ya Maktaba