Kaa Wamerudi Ukingoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko na Mchungaji wetu, mlioketi benchi moja leo, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wageni waalikwa, na ninyi wakulima wenzangu, ambao vitunguu vyenu vinajulikana kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Mlandege: kamwene!

Mimi ni Rozalia, katibu wa kamati ya maji ya kitongoji hiki. Kabla pampu haijafunguliwa, naomba niwasimulie tulivyofika hapa, maana wapo wageni wanaokiona kisima tu, na hawajui kimetutoa jasho gani.

Binti huyu aliyeketi pale, Tupokigwe, mtaalamu wa maji kutoka Mbeya, alipofika kwetu mara ya kwanza hakuuliza habari za kisima. Aliteremka mtoni, akaanza kuchungulia mashimo ya kaa. Tukacheka. Nani aliwahi kuona msomi akipiga magoti topeni kwa ajili ya kaa? Lakini mashimo yalikuwa matupu, na kaa wachache waliobaki walikuwa wamelala chali. Na watoto wetu walikuwa wakitapika na kuumwa matumbo, nasi tukisema ni hali ya hewa.

Mkutanoni akatueleza kwamba kaa huchimba ukingo mpaka ayafikie maji ya ardhini, yaleyale yanayoingia kisimani. Dawa tunazopulizia nyanya na vitunguu, mbolea tunazomwaga bila kipimo, maji tunayosuuzia mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa, vyote huzama udongoni pamoja na mvua.

"Kaa ametangulia tu," alisema. "Anayefuata ni anayekunywa."

Mzee Yotamu, mwenye shamba la juu ya kisima, akasimama. Sauti yake mnaijua.

"Binti, sisi hapa tunalima vitunguu. Hatulimi kaa!"

Tukampigia makofi. Tupokigwe hakukasirika.

"Basi baba, usiniamini mimi. Nenda kwenye chemchemi ya mlimani, ukamate kaa mwenyewe, uwaweke majini kwa mkono wako."

Mzee Yotamu si mtu wa kukimbia ubishi. Mkutano uliofuata alileta kaa wazima, wakali, akawagawa mbele yetu katika mabeseni mawili: moja la maji ya chemchemi, jingine la maji ya kisima. Tukaendelea kubishana habari za barabara, mpaka mtu akasema, "Hebu tazameni." Kaa wa maji ya chemchemi walikuwa wakikwaruza beseni watoke. Wale wa maji ya kisima walitetemeka miguu, kisha wakatulia kabisa.

Mzee Yotamu akageuka kumtafuta bintiye, Lusia, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito, na ndoo yake ilikuwa imetoka kisimani muda huohuo. Akaichukua ndoo ile, akaimwaga chini.

"Mwanangu, usiyanywe tena," akasema, na safari hii hakupaza sauti.

Ndugu zangu, ushujaa ni nini kama si huo? Kesho yake aling'oa vitunguu vyake, shamba zima la juu ya kisima, vikiwa vimebakiza kidogo tu kukomaa. Akapanda matete, yachuje maji yanayoteremkia kisimani. Nani angebaki ameketi baada ya kuyaona hayo? Tukahamisha mahali pa kuoshea mabomba, tukaacha majani yaote kando ya mto, tukajifunza kupima dawa, na kisima tukakifunga. Akina mama tukawa tunapanda mlima kwenda chemchemini; tulinung'unika sana, lakini tulipanda.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Asubuhi moja tukiwa tunafua, Lusia akapiga kelele. Tukadhani nyoka. Kumbe kaa! Kaa jike, amebeba watoto tumboni, anakatiza mbele ya miguu yake kama mwenye nyumba! Vigelegele vile vilisikika hadi barabara kuu. Na vipimo vya maabara vilipofuata, vikasema maji ya kisima ni salama; ndipo kikawekewa pampu hii.

Tumeshinda! Tumeyashinda mazoea yetu wenyewe, na hakuna adui mgumu kuliko huyo. Na vitunguu bado tunalima, tena vya kutamba navyo sokoni.

Mzee Yotamu, simama watu wakuone. Tupokigwe, asante sana; kwa lugha ya kwenu, ndaga fijo. Mheshimiwa mgeni rasmi, mpini wa pampu unakungoja, na vikombe tunavyo mikononi. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Sasa tunywe maji!