Nambari ya Mogire

Mheshimiwa Meneja, Mchungaji, wakuu wa idara, makarani, wapakiaji wenzangu, na wewe mama Bathsheba uliyetoka Masimba kuja kuniaga: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mimi Ouko niliishia darasa la tano. Nimebeba magunia ya chai hapa kiwandani Keroka miaka kumi, na hii mitatu ya mwisho nimebeba kanda za kompyuta na kufagia chumba chake. Sasa narudi kwetu ziwani. Mmenisifu sana, lakini liko jambo ambalo sifa zenu hazikuligusa.

Mashine ile humtambua mtu kwa nambari. Inazo mia mbili hamsini na tano tu. Za mwanzo imejiwekea yenyewe, zilizobaki tuligawana hadi zikaisha. Mwaka jana karani Mogire, mumeo mama, alipofariki, karani mpya Anyiko alikuwa ameajiriwa na hana nambari. Nyangate, mtunza daftari la nambari, alikwama. Mimi, ufagio mkononi, nikamwambia, "Dada, mpe ya marehemu. Kwenu na kwetu, jina la aliyekufa si hupewa mtoto?"

Akacheka. "Ouko, siku hizi wewe ni injinia?" Kisha akaandika.

Ningejuaje? Mtoto hurithi jina tu. Mashine ilimpa Anyiko nambari pamoja na kila kilichohifadhiwa chini yake. Alikuta kurasa arobaini za Kikisii, lugha asiyoijua, na mashine ikasema ni zake. Akazifuta. Kanda ya akiba, yenye nakala, nayo ilikuwa imeshaandikwa upya.

Yalikuwa maneno ya mama yake Mogire, ambayo Mogire aliyachapa saa za chakula ili wanawe wajue walikotoka. Ulipokuja kuyaulizia, mama, tulikuambia mashine iliharibika. Haikuharibika. Tuliogopa uso wako.

Anyiko hana kosa. Siku hizi mtu akiondoka, Nyangate huhamishia kwanza maandishi yake kwenye nambari ya kundi la makarani. Ni vizuri, ila kwa Mogire tumechelewa.

Mengine Mogire alinisimulia kwa Kiswahili, tukila. Nakumbuka machache: mama yake alivuka mto wakati wa njaa, mbegu za wimbi zimefungwa kwenye pindo la vazi lake. Basi langu ni Jumamosi. Kesho nitafika Masimba, niwaambie watoto hayo machache, ukikubali, mama, nikanyage kwako. Usipokubali, nitaelewa.

Nisameheni, na asanteni kwa kunivumilia nikisema.