Matundu Tuliyoziba Mchana

Sikilizeni wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Karakana na meza yangu ya kuchorea ni za binti yangu, kwa sababu ndiye aliyekaa nazo. Nyumba hii ni yenu wawili, na atakayemtoa mwenzake humu sitamsamehe, niwe hai niwe maiti. Hayo ndiyo mepesi. Zito nimelibeba miaka thelathini na moja, na hata marehemu baba yenu alikwenda na nusu yake tu.

Lile bweni la wasichana kule juu, mimi ndiye niliyelichora na baba yenu akalijenga. Popo waliingia chini ya paa kabla hatujamaliza, na mpishi wa shule, mama mmoja mwenye maneno yake, akaniambia, "Waache hao, tangu waje tunalala bila kujipiga makofi ya mbu." Nikamcheka. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, nami nilitaka jengo safi, basi nikawaamuru mafundi wazibe kila tundu kwa saruji, saa sita, jua la utosi, kwa kuwa fundi hufanya kazi mchana. Na popo, wanangu, mchana hulala. Tuliwafukia humo wote, mama na vichanga vyao. Tungengoja jua lizame wangetoka wenyewe.

Siku tatu nilisimama chini ya dari ile nikiwasikia wakikwaruza, na nyundo ilikuwa pale pale sakafuni. Mkaguzi alipouliza, nikamwambia ni bati linatanuka kwa joto, naye akaandika hivyo. Siku ya nne pakawa kimya. Mpaka leo nikiingia chumba chochote husikiliza dari kwanza, na ninyi mlidhani mama yenu anaogopa panya.

Mvua za mwaka ule mbu walijaa, homa ikaingia bwenini, na wasichana watatu hawakurudi darasani. Sisemi popo peke yao wangeizuia. Nasema walikuwa wakitufanyia kazi bila ujira, nikawaua. Alipotafutwa wa kulaumiwa akashikwa fundi bomba, rafiki wa baba yenu, kwamba ameacha maji yatuame, akafukuzwa, akafa na aibu isiyo yake. Mabomba yake hayakuvuja tone, nilijua, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mjane wake anashona nguo nyuma ya stendi. Mkamwambie mbele za watu, msimnong'oneze, na kiwanja cha bondeni mumpe yeye.

Tangu hapo kila ramani yangu ilianza na orodha ya wapangaji: watu kwanza, kisha vyura wa mtaroni, nyuki, mbayuwayu, popo. Baba yenu akauliza kodi ataikusanya nani. Lakini nilikwenda kwa wafagiaji na walinzi, ambao hakuna mchoraji anayewauliza kitu, nao ndio wanaojua nani huingia wapi na saa ngapi. Yale matundu ya vidole viwili chini ya paa la zahanati ya wazazi, na dari iliyofungwa kabisa chini yake ili wasishuke kwa wagonjwa, si fundi aliyesahau kuyaziba. Niliyachora kwa mkono wangu.

Nawe kaka mtu umepewa kazi ya kuikarabati. Dada yako kaniambia asubuhi hii kwamba unaziba. Usimkate jicho, mimi ndiye niliyemuuliza. Mafundi wanaanza leo baada ya chai, sivyo? Sasa ni saa ngapi? Saa tano na nusu... Mwanangu, wamo ndani, wamelala.

Mpigie msimamizi. Hapokei? Atapokeaje, yuko juu ya ngazi na mwiko mkononi. Basi nenda mwenyewe. Usikae kunifumba macho, dada yako ana mikono. Watakusema, mtoto gani huyu, mama anakata roho yeye anakimbilia popo, waache waseme. Nimewabariki, wanangu, wote wawili, mpendane, mzae, mjenge... na baraka yako wewe uipokee njiani. Usinibusu, unachelewa.

Ngoja nipumue.

Binti yangu, sioni vizuri. Kaka yako ameshatoka? Mlango sijausikia.