Nilimfunga Mwanangu Kama Gunia la Mpunga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa bondeni, asifiwe na kule mlimani alikonifungua!

Mimi ni fundi cherehani, hapa hapa Ifakara. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua mitumba na kuirudishia. Mshono mmoja ukienda upande, nafumua suruali nzima. Ndivyo nilivyo, sifichi.

Binti yetu Faraja alipokuwa na miezi minane, degedege la malaria lilimshika mikononi mwangu. Hospitali walimtibu, akapona kabisa. Aliyebaki mgonjwa ni mimi! Nilimpima joto asubuhi, mchana, jioni. Nilimwekea kidole puani nijue kama anapumua. Mwaka ukapita, mtoto hajakanyaga udongo. Angetembeaje, na mimi simshushi? Mke wangu akaniambia, "Baba Faraja, mtoto mzima. Mwenye homa ni wewe." Nilikasirika, kwa sababu ni kweli.

Mama mkwe anaishi Sanje, na shamba lake la ndizi liko juu mlimani. Akasema anataka kumwona mjukuu shambani, si kwenye picha. Nikapata mitumbani begi la kubebea mtoto mgongoni, lenye fremu ya chuma. Nikashona upya mikanda yote. Bado sikuridhika! Siku ya safari nikamweka Faraja ndani, nikamzungushia mipira ya baiskeli, ile tunayofungia magunia ya mpunga. Mafundo saba. Vijana wa bodaboda wakacheka: "Fundi, umeolewa lini?" "Oya, mpunga huo unauza?" Nikapanda gari hadi Sanje, nikaanza mlima.

Katikati ya mlima nikalitua begi nimpime joto. Ndugu zangu, nililitua juu ya njia ya siafu! Mtoto akapiga yowe. Wamepanda miguuni, wanaingia kwenye nguo. Nikavuta fundo, halifunguki. La pili, halifunguki. Mafundo yangu yasiyo na kasoro! Mkasi nimeuacha nyumbani, nikiogopa utamchoma!

Nikalia, "Yesu, nimemfunga mwenyewe, mfungue wewe!"

Akatokea mama mmoja anashuka, mkungu wa ndizi kichwani, panga mkononi. "Weee baba! Huyu ni mtoto au gunia?" Akatua mzigo, akakata mipira yote. Tukamvua nguo, tukang'oa siafu mmoja mmoja.

"Shikamoo mama, asante," nikasema huku machozi yananitoka.

"Marahaba. Utalia baadaye. Mtoe huyo wa shingoni kwanza."

Hofu ikaninong'oneza: si nilikwambia? Shuka! Miguu ikageuka kweli. Faraja, kamasi tele usoni, akanyoosha kidole juu mlimani. Hapo ndipo nilipofunguliwa! Nikapaza sauti mbele ya yule mama: "Hofu, sishuki! Ukitaka, shuka peke yako!" Nikamrudisha begini kwa mikanda yake tu, tukapanda.

Kwa bibi yake nikamshusha udongoni. Akaula udongo. Sikupima kitu!

Msinielewe vibaya. Chandarua tunalalia, na homa ikija tunakimbia hospitali. Lakini mlinzi wa mwanangu si mimi, na sitajifanya tena! Hofu bado inabisha hodi kila asubuhi. Ibishe! Hakuna wa kuikaribisha.

Namshukuru Mungu, na yule mama ambaye hata jina sikumuuliza. Na wewe mzazi unayetetemeka kama nilivyotetemeka mimi, mkabidhi Bwana mtoto wako, kisha mshushe chini. Usingoje awe salama kabisa. Mshushe leo!