Punda Walikula, Lakini Mma-Gaone Hakukimbia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hakimu Ntwaetsile, wazee wa kgotla, baraza letu la kijiji, wageni wote, na wewe Konstebo Oteng uliyejisogeza karibu na vyungu: dumelang!

KARIBU

Sisi wapishi wa misiba na arusi wa Mokgalwaneng tunakukaribisha, Rra, ufungue banda letu jipya la kupikia. Tunajua una njaa. Chakula kimeiva, ila risala tumeiweka mbele makusudi.

HISTORIA

Tulianza wanawake wanane na vyungu viwili vya miguu mitatu. Mpishi wetu mkuu tangu siku hiyo ni Mma-Gaone. Uji wake wa mtama na tikiti uliwahi kupatanisha koo mbili zilizogombana kwa ajili ya mahari. Ulimi wake ni mkali, hilo hatufichi, na ana punda wanne wasio na adabu hata chembe.

MAFANIKIO

Banda limekwisha na bati halivuji. Lakini fahari yetu kubwa ni mjukuu wa Mma-Gaone, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo hadi tukaogopa kumpakata. Leo ana mashavu!

CHANGAMOTO

Hayo mashavu, Rra, ndiyo yaliyotuletea kesi. Yaani kesi ililetwa na punda, waliokula bustani ya zahanati wasibakize hata jani. Mma-Gaone akaitwa mahakamani. Siku ilipofika, bintiye alikuwa amejifungua juzi yake, hawezi hata kuketi. Arobaini yetu huku ni miezi mitatu. Gogo hulazwa mlangoni, na anayemlea mzazi hazururi, asije akarudi na miguu ya moto, yaani joto la njiani, mtoto akaugua. Basi akafanya tunavyofanya kgotla: akamtuma mjomba wake, Rre Kelapile, akamsemee.

Mjomba alivaa koti lake la arusi. Jina lilipoitwa, akasimama.

"Tumefika!"

"Mzee, wewe ndiye Mma-Gaone?" karani akauliza.

"Mimi mjomba wake. Hao punda nawajua mmoja mmoja. Uliza nikujibu."

"Keti, mzee."

"Nikiketi nani atajibu?"

Tuliambiwa ulicheka, Rra. Kisha, kwa kuwa mshtakiwa mwenyewe hakufika, ukatia sahihi hati ya kumkamata.

Konstebo Oteng akaja nayo mpaka kwenye gogo, akakwama. Mwanamume havuki pale, naye alilelewa vizuri. Mma-Gaone akamsemesha dirishani.

"Mwanangu, nitakuja. Ngoja mtoto apate nguvu."

"Mama, hati haijataja mtoto."

"Basi msomee, labda yeye ataielewa."

Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi, anaulizia, anapewa chai na mkate, anaondoka. Usimkaripie, Rra. Amenenepa tu.

Tunacheka, lakini mwenzetu ameishi kwa hofu. Kila mlango ulipogongwa, alimshika mtoto kifuani. Angechukuliwa, bintiye angebaki na nani? Inatuuma kusikia ameandikwa kuwa mtoro, naye muda wote alikuwa nyumbani kwake, konstebo akimwona kwa macho.

MAOMBI

Hatuombi umfutie kesi. Punda walikula. Wala hatuombi uamue hapa na mfupa mkononi. Jumatatu ataleta mahakamani ombi la kufutiwa hati, pamoja na barua ya nesi. Tunaomba lisikilizwe, na mpaka siku hiyo aachwe aje kwa miguu yake mwenyewe, bila pingu. Mjomba tutamwacha nyumbani. Amenuna, lakini amekubali.

Miezi mitatu ilitimia juzi, na gogo limeondolewa. Konstebo, tumekuona unasimama. Subiri kidogo, tunamalizia.

Rra, tulibishana sana nani asome risala hii. Kuna wenye sauti nzuri kuliko hii unayoisikia. Lakini hati yako ina jina tu, nasi tulitaka umwone mtu mwenyewe. Mma-Gaone ni mimi. Nimekuja, na hakuna aliyenikamata.

Mvua ikukute salama nyumbani kwako, na watoto wako wanenepe. Pula!

Ni sisi,
Wapishi wa Misiba na Arusi, Mokgalwaneng