Maji Niliyonyunyiza Ukumbini

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana mimi Baba Masele ninayesimama hapa nilikuwa mwongo, na uongo wangu ulimtoa mjane kazini.

Wengi mnaujua ule ukumbi wa chuo hapa Shinyanga, wa michezo, mitihani na mahafali. Miaka ile ya foleni za sabuni lililetwa zulia la mpira la kutandika sakafuni, pamoja na gundi ya rezini, ile ya kuchanganya makopo mawili. Fundi mkuu alitoka Mwanza, mimi nikawa msaidizi wake. Alituonya mara moja tu: "Zege lisiguswe na maji. Fagieni hivyo hivyo, kavu."

Sasa ndugu zangu, nani kwetu hufagia bila kunyunyiza maji? Mama yangu angenichapa. Asubuhi ya kutandika niliwahi peke yangu, nikakuta vumbi, nikachota ndoo, nikanyunyiza, nikafagia vizuri. Kufika saa nne zege lilikuwa kavu kabisa kwa macho. Kumbe lilikuwa limekunywa. Tukamwaga gundi, tukatandaza mpira, tukapongezana.

Wiki ya pili sakafu ikaota malengelenge. Ukikanyaga huku, linainuka kule. Fundi akauliza nani alitia maji. Nikajibu upesi, "Mfagiaji ni Mama Kulwa." Ni kweli alikuwa mfagiaji, ila asubuhi ile nilipofagia alikuwa hata hajafika. Alikana, hakusikilizwa, akafukuzwa, mjane yule, na watoto wake pacha bado wadogo.

Nilidhani yamekwisha, lakini njia ya mwongo ni fupi. Tulisali kanisa moja. Kila Jumapili Mama Kulwa alinisalimu, "Wangaluka, Baba Masele," nami nikaitikia nikitazama viatu vyangu. Hata ugali ulinishinda. Jumapili moja akanishika mkono mlangoni: "Baba Masele, wewe ulikuwepo. Niombee, Mungu amwonyeshe fundi ukweli."

Ndugu zangu, ningeitikiaje amina! Nikamwambia palepale, watu wakisikia, kwamba maji niliyanyunyiza mimi.

Aliuachia mkono wangu. Kisha akasema, "Kesho twende wote kwa mkuu wa chuo." Hakunipunguzia, na ninamshukuru.

Nilikiri. Mama Kulwa akarudishwa siku hiyohiyo. Mimi nikakabidhiwa patasi, nibandue zulia lote na kukwangua gundi kwa mikono yangu. Palipokuwa na unyevu iliachia kama ganda la ndizi, lakini palipokuwa pakavu iligoma. Magoti yalichubuka. Wenzangu walipita wakinitania, "Leo unalima nini?" Niliazimia nisiinuke mpaka kona ya mwisho, na Bwana alinitia nguvu, nikaifikia. Tulipotandika safari ya pili, Mama Kulwa alifagia kavu, vumbi likatufunika sote wawili hadi kwenye nyusi. Sakafu ile haijainuka mpaka leo.

Ndugu yangu unayenisikia, kama kuna mtu anabeba kosa lako, usingoje aje kukuomba maombi. Mtumaini Yesu, umwendee mtu huyo leo. Utaona aibu, ndiyo, nami niliiona, na bado niko hai. Mama Kulwa yupo pale, benchi la tatu. Asubuhi hii amenisalimu kama kawaida yake, nami nimeitikia nikimtazama usoni.